Chaki kwenye Ukuta wa Mama Geti

Hebu mwone mtu huyu anashuka kwenye basi la masafa marefu, mchana wa Jumatatu, jua liko utosini. Mgongoni ana begi moja. Mwilini amevaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mifuko tisa, kile wanachovaa watu wa kazi za barabarani. Na nyuma yake, vipande saba, kinashushwa kitanda. Sisemi godoro, nasema kitanda, cha mbao ngumu, kichwani kimechongwa maua, kimefunguliwa na kufungwa kamba kama mtuhumiwa. Kila kipande kimeandikwa kwa chaki namba yake, na mshale wa kuonyesha kinaingia wapi.

"Mzee, unahamia au unafungua duka?" utingo akamuuliza, jasho likimtiririka.

"Naenda chuo," akajibu.

Utingo akamtazama mvi zake za pembeni, akatazama kitanda, akarudi kushusha mizigo.

Wenzake kazini walimwita Sentimita, na nasi tumwite hivyo hivyo. Alikuwa mpima ardhi, miaka kumi na tatu katika ofisi ya wilaya, na jina hilo alilipata kwa sababu kwake mita ilikuwa kitu cha jumla mno. Sasa, akiwa na miaka thelathini na tisa, amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili. Ofisi imempa ruhusa ya miaka miwili. Wafadhili wanalipa ada yote, na wanamwachia posho ambayo akitoa nauli ya kila siku hali, na akila hana nauli. Kwa hiyo ilimpasa apate chumba ambacho kutoka humo miguu yake itamfikisha chuoni, na ambacho mfuko wake utakimudu.

Na kitanda je? Hilo ni jambo la ukweni. Ile nyumba waliyokuwa wamepanga waliirudisha kwa mwenyewe, mke na watoto wakahamia kwa wazazi wake mke, na kule nafasi ya kitanda kingine haikuwepo. Kitanda chenyewe kilitengenezwa na baba mkwe, seremala, kwa mikono yake, kikawa zawadi ya harusi. Siku ya kukifungua mzee alisimama mlangoni amefunga mikono nyuma, akasema kwa upole tu, "Mkwe wangu, nitakuja kukutembelea huko chuoni. Nitapenda kukikalia." Mtu mwenye akili hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

Pale kituoni mtunza stoo ya mizigo alimwandikia stakabadhi. "Siku tano," akasema. "Ijumaa saa kumi jioni ikipita, mzigo unaingia kwenye mnada. Usinilaumu, hata mke wangu nilimpigia mnada sufuria zake."

Basi, ndugu yangu, shika hilo moyoni: chumba cha kuingia kitanda, karibu na chuo, kwa kodi ya posho, kabla ya Ijumaa saa kumi.

Usiku wa kwanza alijibanza kwa binamu yake, huko mwisho wa mji, kwenye kochi lililompungukia sentimita kumi na tisa. Alilipima kabla ya kulala, akajua mapema ni sehemu gani ya miguu itakayopata baridi.

Jumanne akampata dalali. Dalali huyu alikuwa mtu mzima mwenye tumbo lake na viatu vya kung'aa, na kila chumba alichokuwa nacho kilikuwa dakika tano kutoka chuoni.

"Dakika tano kwa nani?" Sentimita akauliza, baada ya kutembea dakika ishirini na tatu.

"Kwa mtu asiye na mawazo," dalali akasema.

Akafungua mlango. Sentimita akatoa tepu yake, akanyoosha huku na huku, akaandika kwenye daftari. Mita moja na tisini kwa mbili na kumi. Kitanda kilikuwa mita moja na sabini kwa mbili na tano.

"Kinaingia," dalali akashangilia.

"Kitanda kinaingia. Mimi je?"

"Wewe si utakuwa juu yake?"

"Na nikiamka?"

"Ukiamka si unakwenda chuo, mkubwa. Chumba unakitakia nini?"

Cha pili kilikuwa na upana wa kutosha, ila mlango ulifunguka kwa ndani, ukikiweka kitanda hufungui mlango, na ukifungua mlango huweki kitanda. Cha tatu kodi yake ilimfanya Sentimita amwombe dalali airudie, kisha airudie polepole. Hapo akaagana naye, akaona atafute mwenyewe.

Jioni hiyo aligonga mageti ya mtaa ulio karibu kabisa na chuo. Geti kubwa kuliko yote lilikuwa la mama mmoja mstaafu wa posta, nao mtaani walimwita Mama Geti, kwa kuwa alinunua geti kabla ya kununua hata tofali la kwanza. Miaka mitatu lile geti lilisimama peke yake kiwanjani, limefungwa kufuli, huku watoto wakipita kulia na kushoto kwake. Nyumba ilimchukua miaka kumi na tisa kuimaliza, na akiba yote ya maisha yake iko mle ndani.

Kidirisha cha geti kikafunguka, yakaonekana macho mawili.

"Shikamoo, mama. Natafuta chumba. Ni mwanafunzi."

"Marahaba. Sipangishi wanafunzi. Wanapika saa za ajabu, na wakati wa mitihani wanalia." Kidirisha kikafungwa.

Mageti mengine nayo yakamtoa kapa. Mmoja alimwambia nafasi ipo mwakani. Mwingine alimtajia kodi huku akicheka yeye mwenyewe. Wengine wote walikicheka kiasi alichowatajia.

Sasa njoo Jumatano, siku ambayo mambo yalianza kwenda mrama bila yeye kujua. Sentimita alikaa kwenye ngazi za chuo, akajiambia, kosa langu ni kuamini dakika za watu. Mpima apime. Hatua yake ilikuwa sentimita sabini na tano, hilo alilithibitisha kazini mara nyingi. Akapiga hesabu: hatua elfu moja na mia tano kutoka lango la chuo, hapo ndipo mwisho wa miguu yake. Nyumba yoyote iliyo ndani ya hatua hizo ataibishia hodi, iliyo nje haina habari naye.

Akavaa kizibao, tepu kiunoni, daftari mkononi, akaanza kutembea akihesabu kwa mdomo. Na kwa sababu mtu aliyezoea kazi hawezi kuacha kipimo bila alama, kila alipotimiza hatua mia alitoa chaki, akaandika namba kwenye ukuta uliokuwa karibu. Moja. Mbili. Tatu. Na pembeni ya kila namba mshale mdogo, wa kuelekeza lango la chuo liko upande gani, kama vile alivyoandika vipande vya kitanda. Namba saba ilidondokea kwenye ukuta wa Mama Geti, karibu tu na geti lenyewe. Kufika jioni alikuwa amemaliza barabara zote tatu za mtaa, alama kumi na tano kila barabara. Watu walikuwa wakimtazama madirishani, yeye akawapungia mkono. Alirudi kwenye kochi lake ameridhika sana.

Wewe uliyewahi kuishi mjini unajua mtaa ule ulilalaje. Mtu wa kizibao cha chungwa, asiyemsalimia mtu kwa maneno, anaandika namba ukutani. Dukani watu walisimama hadi mwenye duka akawaomba wanunue japo kiberiti. Mmoja akasema ni barabara mpya ya chuo, njia nne. Mwingine akasema namba ndiyo zamu ya kuvunjwa. Kuhusu mshale, fundi cherehani aliyekodi chumba cha mbele kwa Mama Geti alitoa maelezo ambayo hayakupata mpinzani: "Mshale unaonyesha nyumba itaangukia upande gani."

Alhamisi asubuhi Sentimita akarudi mtaani, daftari mkononi, akijiandaa kuambulia patupu tena. Hakufika mbali. Yule aliyemwambia mwakani alimkimbilia kumuuliza kama amepata kifungua kinywa. Mzee mmoja alimpisha njia, na njia ilikuwa pana. Akajiambia moyoni, kumbe watu wa mjini ni kuwazoea tu.

Geti la Mama Geti lilikuwa wazi lote, mapana yake, na mwenyewe amesimama katikati.

"Karibu, mwanangu. Jua kali hivi unatembea? Kaa kivulini kwanza."

Akaletewa kiti, kisha chai, kisha mto wa kukalia juu ya kiti. Mama Geti akamwuliza habari za kazi. Akasema kazi ameiacha nyumbani, hapa yuko kwa masomo, anatafuta chumba.

"Chumba," Mama Geti akarudia polepole, kama mtu aliyefunuliwa jambo. "Ungetaka kukaa hapa? Ndani ya nyumba hii hii?"

"Ningefurahi sana, mama."

"Hata mimi ningefurahi." Akainuka upesi kuliko umri wake. "Maana mtu hawezi kuidhuru nyumba anayolala. Au vipi?"

Sentimita akaona ni maneno ya heshima tu, akacheka. Wakaenda uani. Chumba kilikuwa mita tatu na sitini kwa tatu na ishirini, madirisha mawili, mlango unafungukia nje, bomba la maji hatua nne kutoka kizingitini. Alikipima mara mbili, ya pili kwa raha tu.

"Kodi ni kiasi gani, mama?"

"Taja wewe."

Akataja kile kiasi ambacho mtaa mzima ulikuwa umekicheka juzi. Mama Geti akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Nyingi hiyo." Akapunguza robo nzima.

Hapo, ndugu msomaji, mimi na wewe tungeshtuka. Sentimita naye alishtuka, lakini furaha ilikuwa imemkalia vibaya, akatoka nje kuvuta pumzi. Fundi cherehani alikuwa mlangoni kwake, akamwita kwa sauti ya chini.

"Bosi, samahani. Mnaanza lini?"

"Kuanza masomo? Jumatatu."

"Mnayaita masomo siku hizi?" Fundi akatikisa kichwa kwa kustaajabia lugha ya serikali. "Mimi nina sare za shule sitini ndani, bosi. Nataka kujua tu, tingatinga likija nitapewa nusu saa ya kuzitoa? Au ndiyo huu mshale, mara moja?"

Sentimita akafuata kidole cha fundi hadi ukutani. Akaiona namba saba, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akarudi ndani mbio kumtafuta Mama Geti, na kupitia mlango wa sebule akaona kile ambacho chai ilimficha: picha zote zimeshushwa ukutani, vyombo viko kwenye maboksi, na pazia moja limekunjwa vizuri juu ya kiti. Mama wa watu alikuwa amefungasha miaka kumi na tisa kwa siku moja.

Akapiga moyo konde. Chumba atakikosa, kitanda kitapigwa mnada, baba mkwe atakalia sakafu, lakini hili haliwezekani.

"Mama, kaa chini. Mimi si mtu wa barabara. Namba zile ni hatua zangu. Nilikuwa nahesabu umbali wa kwenda chuoni kwa miguu. Hakuna nyumba itakayovunjwa."

Mama Geti akamsikiliza hadi mwisho, uso mkavu. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekaa dirishani posta miaka thelathini akisikiliza visingizio.

"Nimekuelewa, mwanangu. Hamruhusiwi kusema."

"Mama, ni mwanafunzi kweli. Tazama barua ya chuo." Akaitoa kwenye mfuko wa sita wa kizibao. Mama Geti akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Shahada ya Uzamili ya Upimaji na Usanifu wa Barabara."

Akaikunja ile barua polepole, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Basi nisipange hapa," Sentimita akasema, maji yamemfika shingoni. "Nitakwenda kwingine, ili uone sina ninachokitaka."

Rangi ikamtoka Mama Geti. "Nimekukosea nini? Ni kodi? Nitapunguza tena." Na akapunguza tena, palepale.

Sentimita akaomba ndoo ya maji na kitambaa, akatoka kwenda kuifuta namba saba. Aliona ndiyo njia ya wazi: alama ikifutika, hofu nayo itafutika. Akaisugua mpaka ukuta ukang'aa. Aligeuka akakuta watu tisa wamepanga foleni.

"Bosi, mimi ni tatu," akasema wa kwanza.

"Kumi na moja," akasema wa pili, naye alikuja na ndoo yake.

"Sikieni, jamani," Sentimita akapaza sauti. "Mimi ni mwanafunzi. Hizi zilikuwa hatua tu."

"Tunajua, bosi," wakamwitikia wote kwa adabu. "Anza na ya tatu."

Alifuta zote arobaini na tano. Alianza saa sita, akamaliza saa kumi na moja, mabega yanamwuma. Katika kila ukuta alisema kweli, na katika kila ukuta walimkonyeza. Mzee wa namba kumi na tano alimshika mkono akamwombea dua ndefu ya vyeo. Na mtu mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa kati ya nane na tisa na haikuwa na alama yoyote, alimsihi sana amwandikie moja kisha aifute, ili naye ajue ameshafutwa. Sentimita alikataa. Yule bwana akakaa mbele ya mlango wake ameshika tama, mpaka majirani wakaja kumlalamikia Sentimita kwa ubaguzi. Akaandika. Akafuta. Bwana akaingia ndani kupumzika.

Ijumaa asubuhi wakakaa kuandika mkataba. Mwandishi alikuwa shemeji yake Mama Geti, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa rula na kalamu mbili. Sentimita akasema hatii saini bila kifungu cha nne, na akakitaja mwenyewe neno kwa neno. Karani akaandika kwa mkono wa kupendeza: Mpangaji anatamka kwamba yeye si afisa wa barabara, hakutumwa na mtu yeyote, hana uwezo wa kuvunja wala kuokoa nyumba, na namba za chaki zilikuwa hesabu ya hatua zake mwenyewe.

Akakipigia mstari kwa rula. "Kifungu kizuri sana," akasema. "Kinalinda."

"Kinamlinda nani?"

"Wewe, mkubwa. Siku wenzako wakiuliza ulikuwa unafanya nini hapa."

"Shemeji, usimtie aibu mgeni," Mama Geti akamkemea. Akatia saini yake bila kusoma, akapiga na muhuri wa nyumba ambao Sentimita hakujua kwamba nyumba huwa na muhuri.

Kitanda kikafika saa tisa na dakika arobaini, juu ya mkokoteni, mtunza stoo akiwa tayari amekiandikia bei ya kuanzia. Fundi cherehani akaja kushika upande mmoja, bila kuombwa. Vipande saba vikaingia kila kimoja mahali pake. Sentimita akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono, hakugusa ukuta. Sebuleni akasikia nyundo: Mama Geti alikuwa anazirudisha picha zake, akiimba kwa pua.

Ndipo akampigia simu mkewe, akamsimulia yote, bila kuruka hata namba. Mke akacheka mpaka akaomba aweke simu chini kwanza. Aliporudi, sauti ilikuwa imetulia.

"Baba watoto, umemwambia kweli?"

"Mara nne. Ya nne iko kwenye maandishi, na muhuri."

"Na ukihama?"

"Atafungasha upya. Safari hii na geti."

"Na ukimlipa kodi kamili, kama wengine?"

"Sina. Na nilipomwambia nitaongeza kidogo kidogo, aliniuliza kama nimepata habari mbaya kutoka ofisini."

Kule kwao kulisikika randa ya baba mkwe ikipita kwenye ubao.

"Sasa tarehe moja ukimpelekea mama wa watu hako kakodi, na yeye akakushukuru kwa kumlindia nyumba, utamjibu nini?"

Sentimita alikaa kwenye ukingo wa kitanda, simu sikioni, na mpaka ninapokuandikia hapa bado hajampa mkewe jibu. Mwenzangu, ungekuwa wewe umekaa pale, ungemjibu nini?